Bibi kapewa dawa ya mwenzake kituo cha wazee, ndugu waambiwe au wanyamaze?

DadaPasua: Habari zenu wakuu, naomba ushauri wa haraka. Mdogo wangu ni nesi kituo cha wazee huku Moshi, usiku wa kuamkia leo mwenzake wa zamu kampa bibi mmoja glibenklamaidi (dawa ya kushusha sukari) ya bibi wa kitanda cha pili, majina yao yanafanana, wakashtukia anatoka jasho na anaongea vitu havieleweki, kupima sukari imeshuka mpaka 2.8, wakamnywesha glukosi akakaa sawa. Sasa inchaji (msimamizi wao) anasema bibi ni mzima, hakuna haja ya kuandika wala kuwaambia wanawe. Mdogo wangu hana amani kabisa. Afanyeje bila kumchongea mwenzake?

NesiMstaafu_Sakina: Ripoti ya tukio siyo kuchongea mtu. Na hiyo "akakaa sawa" msiiamini mapema, glibenklamaidi kwa mzee ambaye figo zimechoka inakaa mwilini muda mrefu, sukari inaweza kushuka tena mchana huu huu, sasa kama hakuna kilichoandikwa zamu ya asubuhi watajuaje kuendelea kumpima? Daktari apigiwe sasa hivi. Aandike saa ngapi, vidonge vingapi, kipimo kilisoma ngapi, bibi alipewa nini, nani kajulishwa. Kilichotokea tu, mambo ya "fulani mzembe" asiyaguse. Na faili wasifute kitu, palipokosewa panakatwa mstari mmoja unaosomeka na sahihi pembeni.

Njiro_Kwetu: Mi naongea kama mtoto wa mzee. Baba alianguka kwenye kituo fulani tukaambiwa kajigonga kidogo, ukweli tukaja kuupata kwa mfanya usafi. Kuanguka tungeelewa, ila kule kuzungushwa mpaka leo kunaniuma. Waambieni jamani.

NesiMstaafu_Sakina: Kweli kabisa, na kama bibi akili yake iko timamu aanze kuambiwa yeye, mwili ni wake. Wanawe waitwe wakae chini na inchaji na daktari, siyo kwa meseji. Halafu mpango wa dawa urekebishwe, wazee wa vituoni wengi hawavai utepe wa jina mkononi, basi picha ibandikwe kwenye karatasi ya dawa, na nesi aulize "bibi unaitwa nani?" maana ukimuuliza "wewe ndo Amina?" mzee asiyesikia vizuri anaitikia tu.

DadaPasua: Asante sana mama. Na inchaji akigoma kupokea ripoti?

NesiMstaafu_Sakina: Aandike kwenye kitabu cha kukabidhiana zamu, aweke sahihi na saa, na ampigie daktari yeye mwenyewe. Asisubiri ruhusa, bibi apimwe sukari sasa hivi.