Mjadala: Vifaa vya kuigizwa kwenye mashine pepe vifutwe, tubaki na virtio peke yake?

Nahodha: Wakuu, salaam. Naweka hoja mezani. QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), bado inabeba kadi za mtandao za e1000 na rtl8139, diski za IDE, hata flopi. Zote hizo ni kuigiza vyuma vya zamani, wakati virtio, vifaa vilivyobuniwa mahususi kwa mashine pepe, tunayo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.24, mwanzoni mwa 2008. Kwenye kadi ya kuigizwa, draiva (programu inayoendesha kifaa) ikigusa rejista ya kadi, prosesa inatoka nje ya mashine pepe, QEMU inaamka, inakokotoa kadi halisi ingejibu nini, ndipo mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, anaendelea. Virtio inapanga pakiti kwenye foleni iliyo katika kumbukumbu ambayo mgeni na mwenyeji (kompyuta halisi) wote wanaiona, kisha inabisha hodi mara moja. Ile inabisha kwa kila punje, hii inajaza gunia kwanza. Na usalama je? Mnakumbuka VENOM, ile kasoro ya usalama ya QEMU? Tundu lilikuwa kwenye flopi! Nasema vifutwe. Anayeng'ang'ania e1000 leo ni fundi asiyejua kuweka draiva.

DadaSeva: Kaka Nahodha, hayo ya gunia sina ugomvi nayo. Hilo la mwisho limenichoma. Nina miaka 9 natunza seva ya zahanati. Kipimo cha maabara kinasomwa na programu inayokubali Windows XP tu, na aliyeiandika hapatikani. Kompyuta yake ilipokufa nikaihamishia kwenye KVM (mashine pepe za Linux), nikaipa rtl8139, mtandao ukapatikana siku ileile kwa sababu XP inakuja na draiva ya kadi hiyo. Mkiifuta, mama aliyekaa kwenye benchi akisubiri majibu ya damu mtamwambia nini? Usiniite fundi asiyejua.

Tumbojoto: XP?? Dada, Microsoft waliiacha Aprili 2014. Hapo tatizo si kadi tena, ni data za wagonjwa.

DadaSeva: Haiingii kwenye intaneti, inaongea na seva moja tu ya ndani. Wewe utatununulia kipimo kipya?

Tumbojoto: Sijasema nitanunua. Nasema wakubwa wakiona inafanya kazi hawatengi bajeti. Ninyi mafundi ndio mnaowafichia ugonjwa.

DadaSeva: Nimeandika barua tatu. Tatu, mdogo wangu, na nakala ninazo. Ungeuliza kwanza ndipo uhukumu.

Kijana_Pwani: Namuunga mkono dada. Hapa kwetu ukiomba hata betri ya UPS unaambiwa subiri mwaka wa fedha.

Tumbojoto: Kwa hiyo tukubali tu?

Kerneli_Kongwe: Wanangu, tusivunjiane heshima. Nirudi kwenye usalama, maana ndiyo hoja nzito humu. VENOM ilitangazwa Mei 2015, na ubaya wake ni kwamba hata ukiiondoa flopi kwenye mipangilio, msimbo wenye kasoro ulibaki hai. Hapo Nahodha yuko sahihi. Lakini 2019 lilipatikana tundu kwenye vhost, ile sehemu ya kerneli (kiini cha Linux) ya mwenyeji inayohudumia virtio. Mgeni angeweza kuivamia kerneli hiyo wakati mashine pepe inahamishwa kwenda seva nyingine ikiwa inafanya kazi. Flopi ilikuwa ndani ya QEMU, hii iko kwenye kerneli yenyewe. Nani ananijibu hilo?

Kijana_Pwani: Mzee, virtio si ilitungwa na watu wa Xen, ule mfumo mwingine wa mashine pepe?

Kerneli_Kongwe: Hapana, ni Rusty Russell, akiwa IBM. Xen ya Cambridge, 2003, ilishatumia wazo la mgeni kujua kwamba yuko kwenye mashine pepe, ila kwa draiva zake yenyewe. Virtio ilikuja ili kila haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe) isitengeneze za kwake. Lakini swali langu la vhost liko palepale.

Nahodha: Dada, lile neno la fundi asiyejua nimekosea, naomba radhi. Nilichomaanisha ni kwamba vifaa vya kuigizwa viwe vimezimwa, anayevihitaji aviwashe mwenyewe.

DadaSeva: Nimepokea, kaka. Hilo la kuzima naliunga mkono.

Tumbojoto: Mkuu, kichwa cha mada kinasema vifutwe. Kuzima na kufuta ni vitu viwili.

Fundi_Mtaa: Samahani kwa kuingilia. Juzi nilibadilisha diski ya Windows 7 ya duka la dawa kutoka IDE kwenda virtio. Skrini ya bluu, 0x0000007B, mwenye duka amesimama nyuma yangu na funguo mkononi anataka kufunga. Nikairudisha IDE, ikawaka. Sasa mnaposema virtio, njia ni ipi?

DadaSeva: Pole sana. Hiyo Windows haikuwa na draiva ya kuisoma diski ya virtio wakati wa kuwaka. Chukua nakala ya diski nzima kwanza. Kisha diski kuu iache kwenye IDE, ongeza ya pili, ndogo, ya virtio. Washa, weka draiva kutoka ISO (faili la diski) ya virtio-win, yenye draiva za virtio za Windows, hakikisha Windows inaiona ile ndogo. Zima, ndipo uihamishe ile kuu.

Fundi_Mtaa: Asante dada. Ndogo iwe ya ukubwa gani?

DadaSeva: GB 1 inatosha, baadaye utaiondoa. Ila nakala kwanza.