Aliyejipangusa mafuta ya sambusa kwa ramani yetu ya Nakuru aombe msamaha HADHARANI

MwanaLanet ameanzisha uzi:

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mkiona herufi zimerukana mjue ni hasira.

Simtaji. Mnamjua. Yule ambaye tai yake huingia mlangoni kabla yake. Yule akipewa maikrofoni, betri huisha kabla hajamaliza kusalimia meza kuu. Hakuna kikao cha michezo Bonde la Ufa nzima ambacho hayupo, na hakuna binadamu anayejua huwa amealikwa na nani. Huyo huyo.

Kikao kilikuwa cha kutoa maoni: jumba la mashujaa wa mbio za magari likijengwa hapa Kenya, lijengwe wapi? Sisi wa Nakuru tulijiandaa. Kuna binti anajifunza ufundi kwenye gereji ninayopeleka gari langu. Alichora ramani kwa penseli za rangi, karatasi ya manila nzima. Ziwa Elmenteita buluu, Soysambu kijani, njia ya Sleeping Warrior nyekundu, Hell's Gate chini kabisa na vile vilima vyake. Kila mahali Safari Rally imepiga vumbi upande wetu tangu irudi 2021 kwenye WRC, yale mashindano ya dunia ya mbio za magari, ameweka alama. Kwa mkono, si kuchapisha.

Bwana mkubwa akaletewa sambusa. Akala. Akatafuta tishu, hakuna. AKACHUKUA RAMANI. Akajipangusa vidole kimoja kimoja, taratibu, mpaka kile kidogo cha mwisho ambacho hata hakikugusa sambusa. Halafu, mdomo bado umejaa, akasema: "Nakuru ni mahali pa kushuka kususu ukienda Kisumu. Jumba ni Nairobi."

Kususu! Jiji hili! Jiji lililopewa hadhi yake Desemba 2021!

Na binti ameketi safu ya pili, anaona. Mafuta yalipenya pale Elmenteita mpaka karatasi ikawa ya kuonea upande wa pili. Jani la dania limebandikwa juu ya Naivasha. Buluu ya ziwa imevutwa na kidole chake hadi karibu na Gilgil.

Nairobi ina nini? Magari yalikuwa yakizungushwa Kasarani watu wapige picha, kisha msafara wote unateremka huku kwetu kufanya kazi yenyewe. Makao ya mashindano yako Naivasha. Naivasha iko kaunti gani? Soysambu iko kaunti gani? Loldia? Hell's Gate? Mtu unataka mtoto aingie jumbani, aone gari la Shekhar Mehta aliyeshinda Safari mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, kisha atoke nje aoneshwe mawe yenyewe yanayovunja magari. Nairobi utamwonesha nini akitoka? Foleni?

Lakini hata hayo sikupata nafasi ya kuyasema, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye kile kidole kidogo. Hasira niliyo nayo ingewasha mitambo ya umeme ya Olkaria bila mvuke.

Aombe msamaha. Amwombe yule binti kwanza, kisha Nakuru.

---

Karbureta_Moja:
Pole sana mkuu. Sambusa zilikuwa za nyama ama za ndengu?

MwanaLanet:
Za nyama. Hilo silo swali.

Karbureta_Moja:
Ni swali. Ya ndengu haina mafuta mengi hivyo. Ya nyama ndiyo huharibu manila.

Bodaboda_wa_Shabab:
Huyo mzee namjua hahaha. Nilimbeba kutoka stendi hadi Milimani, akaniambia nauli nitatumiwa kwa simu. Bado naangalia simu.

Dada_wa_Section58:
Nilikuwepo. Anachosema MwanaLanet ni kweli tupu, na amepunguza. Alipomaliza kujipangusa aliikunja ile ramani mara nne akaiweka chini ya glasi ili meza isilowe. Mama mmoja pembeni yangu alisema "Yesu" kwa sauti.

MwanaLanet:
CHINI YA GLASI. Nilikuwa nimesahau ya glasi. Wakuu mnasikia? Amejipangusa, amekunja, ameweka chini ya glasi. Zile mbuga zote za Soysambu zimebanwa na glasi ya maji.

JakomWaKondele:
Omera, poleni Nakuru. Lakini tusome tena maneno ya mzee. "Mahali pa kususu ukienda KISUMU." Kwa hivyo hata yeye anakubali safari yenyewe ni ya kuja kwetu. Jumba lijengwe Kisumu, yaishe. Kuna uwanja wa ndege wa kimataifa, kuna ziwa, na kuna makumbusho tayari ambayo yanajua kupokea wageni. Mtu anatoka Finland kuona mambo ya dereva wao Rovanperä, anashuka kwenye ndege, anakula samaki mzima na ugali, anaingia jumbani. Nyinyi mtamshusha wapi, Free Area?

MwanaLanet:
Kisumu Safari Rally ya siku hizi haifiki hata kwa bahati mbaya.

JakomWaKondele:
Siku hizi. Mbio hizi zilianza 1953, na enzi hizo zilivuka mipaka hadi Uganda na Tanganyika. Nyanza kuna wazee wamewahi kusimama kando ya barabara Pasaka nzima wakingoja magari. Historia si ya kuanzia 2021, nyathiwa.

ChaiChungu_Kericho:
Mnapigania nini na jibu liko wazi? Joginder Singh alizaliwa KERICHO. 1932. Simba wa Kenya mwenyewe. 1965 akashinda Safari na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, ndugu yake Jaswant akiwa navigeta, yule wa kumsomea dereva njia. Akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Jumba la mashujaa hujengwa alikozaliwa shujaa. Nakuru mmezaa nani?

Bodaboda_wa_Shabab:
Tumezaa binti wa ramani.

Dada_wa_Section58:
@Bodaboda umenifanya nimwage chai.

Navigeta_Mstaafu:
Vijana, nisikilizeni kidogo. Vita hivi si vya kwetu peke yetu. Marekani, wenye mbio za magari za NASCAR walipotaka jumba lao miji ilishindana vilevile, Daytona Beach, Atlanta, Charlotte na mingineyo. Daytona ilikuwa na uwanja maarufu wa mbio tangu 1959, watu wakadhani imeshapata. Lakini Charlotte ndiyo iliyolichukua, mji ambao timu nyingi zina gereji zao karibu nao. Likafunguliwa 2010. Jumba jingine la huko huko lilianzia Novi, jimbo la Michigan, na baadaye likahamishwa, tangu 2016 liko Daytona. Na kuna lile la Talladega, Alabama, limejengwa kando ya uwanja wenyewe. Kwa hivyo kuna njia tatu: uweke mbio zinapokimbiwa, uweke mafundi walipo, ama uweke wageni wanapopita.

Kwetu mbio ni Nakuru. Mafundi wa magari ya mbio wengi wako Nairobi, tusidanganyane.

MwanaLanet:
Mzee wangu nakuheshimu, lakini hapo mwisho unamtetea aliyejipangusa?

Navigeta_Mstaafu:
Simtetei, mwanangu. Kujipangusa ni utovu wa adabu. Nasema tu hoja yake ingekuwa na maana kama angeisema akiwa na mikono safi.

Karbureta_Moja:
Charlotte wageni walikuja wachache kuliko walivyohesabu mwanzoni. Hata hapa itakuwa hivyo. Watu watapiga picha mlangoni na kurudi nyumbani.

MwanaLanet:
Hapa hapatakuwa hivyo! Mtu wa Nakuru anazijua mbio hizi tangu tumboni. Niulize mtoto yeyote wa Mbaruk jina la dereva, atakwambia na navigeta wake. 1994 Ian Duncan aliposhinda na Toyota Celica, na Patrick Njiru akamaliza wa nne na Subaru, wazee wetu hawakulala. Walikuwa wanaimba jina la Njiru kwa sauti kuliko la mshindi. Njiru anastahili ukuta mzima. Ukuta mzima! Na huyu anatuambia sisi ni wa kususu. Kwa kidole kile. Kidogo. Taratibu.

JakomWaKondele:
Kidole kimekuingia rohoni, omera. Nenda ukalale.

Eldo_Kileleni:
Samahani nimechelewa. Hoja ni gani? Kama ni jiji jipya kuliko yote, ni Eldoret, tumepewa 2024. Jumba lije Eldoret.

ChaiChungu_Kericho:
Eldoret mna wakimbiaji wa miguu. Jengeni la viatu.

Eldo_Kileleni:
Tutajenga la viatu NA la magari. Nyinyi endeleeni kuchuma chai.

Mama_wa_Karagita:
Mimi ninaishi Naivasha, na naomba Nakuru mjini muache kututumia. Mnasema "Naivasha iko kaunti gani" mkitaka jumba. Tukitaka maji mbona hamuulizi hivyo? Kila Safari Rally ikija, chumba ambacho wiki ya kawaida mtu wa kawaida analala, bei inapanda mpaka unafikiri umeuziwa nyumba. Wageni wanashangilia, sisi tunaanika nguo asubuhi nyeupe, jioni tunaanua kahawia. Likijengwa jumba, lijengwe HAPA Naivasha, na lije na mabomba.

Bodaboda_wa_Shabab:
Mama amesema.

Dada_wa_Section58:
Mama wa Karagita nakubaliana nawe kabisa. Mwaka ule mimi na mume wangu tulienda kutazama Hell's Gate, tukakosa pa kulala, tukalala garini. Mwenye hoteli alitutajia bei akiwa hatutazami usoni.

Mama_wa_Karagita:
Hawatutazami usoni sisi wenyeji. Na chakula! Chai na andazi moja niliuziwa bei ya kuku.

MwanaLanet:
Nakubali hoteli ni tatizo, lakini uzi huu unahusu ramani. Binti alitumia jioni zake zote kuchora. Kuna aliyepata namba ya ofisi ya yule mzee?

Karbureta_Moja:
Hana ofisi. Ana tai.

Navigeta_Mstaafu:
Mnalalamikia vumbi la siku hizi? Safari ya 1963 yalimaliza magari saba tu. 1968 tena saba tu. Mvua, matope, mito imefurika. Nyinyi mkipata vumbi laini pale Kedong mnapiga picha na kuandika mtandaoni.

Eldo_Kileleni:
Mzee, lile vumbi la Kedong si mchezo. Gari la kiwandani lenye wahandisi wake linazama hadi boneti halionekani, wenyeji wanalisukuma.

ChaiChungu_Kericho:
Na hawalipwi. Jumba lolote litakalojengwa liweke sanamu ya wasukumaji.

JakomWaKondele:
Hapo nimeunga mkono. Sanamu ya wasukumaji iwe Kisumu.

MwanaLanet:
Jamani, ramani!

Dada_wa_Section58:
Tatizo kubwa kuliko yote hamlisemi. Ni foleni ya Gilgil. Jumba liwe Nakuru, Kisumu ama mbinguni, Jumapili jioni ya sikukuu hakuna anayerudi Nairobi. Pasaka iliyopita watoto walilala, wakaamka, wakalala tena, bado tunaona kibao kile kile.

Bodaboda_wa_Shabab:
Na matrela ya Salgaa je? Mimi nikiwa na pikipiki trela likipita natafuta mtaro.

Mama_wa_Karagita:
Foleni ndiyo inatusaidia tunaouza matunda kando ya barabara, msiiondoe.

Karbureta_Moja:
Foleni ya Gilgil inavumilika ukishakula Kikopey. Lakini mmeona bei ya mbuzi Kikopey siku hizi? Kilo ya mbavu! Na wanakupimia na mfupa ambao hata fisi angeuliza maswali.

JakomWaKondele:
Ndiyo maana nasema samaki. Samaki hana mfupa wa kupimiwa kando.

Karbureta_Moja:
Samaki wenu wengine siku hizi wanatoka China, jakom. Tusifike huko.

JakomWaKondele:
Wewe rudia hilo neno ukiwa umesimama Dunga, tuone.

Eldo_Kileleni:
Mbuzi mzuri yuko Eldama Ravine. Kikopey wamezoea wasafiri, wanajua hutarudi tena wiki hiyo.

Dada_wa_Section58:
Kuna kibanda kimoja Kikopey, kile cha nyuma, mama anapima mbele yako na kachumbari ni bure. Mwambie umetumwa na mteja wake wa Section 58.

Karbureta_Moja:
Kachumbari ya bure? Ina pilipili?

Dada_wa_Section58:
Ina pilipili na parachichi.

Bodaboda_wa_Shabab:
Jumamosi hii nani anaenda? Nina nafasi mbili kwenye Probox ya shemeji, mafuta tunachanga. Tunatoka Shabab saa nne asubuhi, anayechelewa anaachwa.

Navigeta_Mstaafu:
Nichukue pale Pipeline. Na nikae mbele, magoti hayakunjiki.