Je, Mzee Ojwang wa Vitimbi alikuwa Mjaluo kweli?

Mzazi wa Nakuru anauliza:

Salamu kwenu nyote. Binti yangu, aliye kidato cha tatu, aliiona picha ya zamani ya mzee mwenye miwani minene akaniuliza ni nani. Nilimjibu kwa furaha kwamba huyo ni Mzee Ojwang wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, Mjaluo aliyetuchekesha tangu tulipokuwa watoto tunaoketi sakafuni kwa jirani, mbele ya televisheni iliyotumia betri ya gari. Shemeji yangu aliyekuwapo akanikatiza, akasema kwamba mzee huyo hakuwa Mjaluo hata kidogo. Naomba mnijuze ukweli, na pia mnieleze maisha yake yaliishaje, kwa maana nakumbuka wananchi wakimchangia fedha.

Mwalimu wa Kiswahili:

Ndugu yangu, shemeji yako amesema kweli. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Ojwang ni mhusika aliyemwigiza kwa miaka mingi, tangu enzi za Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la taifa, ambayo mwaka 1989 ilibadilishwa jina na kuwa KBC. Wakati huo hapakuwa na kituo kingine cha televisheni nchini hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, kwa hiyo aliyeingia katika kipindi kile aliingia katika kila nyumba iliyokuwa na televisheni.

Ninalopenda kulieleza zaidi ni ufundi wake wa lafudhi, kwa sababu watu hudhani ni jambo jepesi. Dholuo haina sauti za "sh" na "z", na ndiyo sababu Mjaluo wa kijijini anayezungumza Kiswahili huweza kusema "sida" badala ya "shida". Mkikuyu naye ana mtego wake mwingine, ule wa kuchanganya "l" na "r". Mwigizaji huyu alilazimika kuufungia nje mtego wa lugha ya mama yake na papo hapo kuingia katika mtego wa lugha ya watu wengine, kisha abaki humo kipindi kizima, akiwa na hasira, akibembeleza au akitoroka wadai, bila kuteleza. Darasani huwaambia wanafunzi wangu kwamba hiyo ni isimu iliyofanywa na mtu mwenye sikio kali.

Msomaji wa Siaya:

Mwalimu ameeleza vyema, ila naomba kuongeza jambo moja. Mimi ni Mjaluo, na nyumbani kwetu hatukuwahi kuhisi kwamba tunakejeliwa. Marehemu baba yangu alimwita "mtu wa kwetu" na aliamini hivyo hadi mwisho. Ojwang hakuwa mjinga wa kuchekwa kwa sababu ya kabila lake. Alikuwa mume mwenye visingizio vingi, na kila mtaa unaye mtu kama huyo. Hata Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, hakuwa mkewe nje ya kamera, ingawa wengi tuliapa kwamba wameoana. Katika nchi ambayo siasa zimewagombanisha Wajaluo na Wakikuyu mara nyingi, hadi damu ikamwagika baada ya uchaguzi wa 2007, mimi huliona pendo lile kuwa kitu cha thamani kubwa.

Mwigizaji wa jukwaani, Nairobi:

Nijibu sehemu ya pili ya swali, ambayo inaniuma. Katika miaka yake ya mwisho mzee alisumbuliwa na maradhi ya macho, na ndipo wananchi wakamchangia fedha za matibabu. Ile miwani ambayo watoto waliidhani vazi la kuchekesha ilikuwa juu ya macho yaliyokuwa yakififia. Alifariki Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akazikwa katika makaburi ya Lang'ata jijini Nairobi.

Watu huuliza mtu maarufu kiasi kile alikosaje akiba. Umaarufu haulipi kodi ya nyumba. Msanii wa kizazi chake alilipwa kidogo kwa kazi aliyorekodi, na kipindi kikirudiwa mara kumi hakuona senti nyingine. Leo kuna vyama vinavyokusanya mirabaha, yaani malipo ya msanii kila kazi yake inapotumiwa, kwa niaba ya waigizaji na wanamuziki, na nawasihi vijana wajisajili na wausome mkataba kabla ya kutia sahihi.

Mzazi wa Nakuru:

Nawashukuru sana, na shemeji nimekwisha kumwomba radhi. Jana usiku nilimtafutia binti yangu kipande cha Vitimbi katika intaneti, nikamwambia afumbe macho na aisikilize "sh" peke yake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba kirudiwe, na mara ya pili alikuwa na kalamu na daftari.