Nesi mwenye diploma, yuko Masasi: njia ya kwenda kufanya kazi Australia ikoje hasa?

Bint Chikongola
Habarini wadau wa afya. Mdogo wangu ni muuguzi mkunga, diploma, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai, ameajiriwa na halmashauri kwenye kituo cha afya upande wa Masasi. Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Mtwara na Lindi: nyumba za wazee Australia, unaondoka ndani ya miezi mitatu, Kiingereza cha kawaida kinatosha, unatanguliza milioni sita. Baba anasema minada ya korosho ikianza tu hela itatoka. Mimi naona kuna kitu hakijakaa sawa ila sina hoja ya kumwambia. Anayeijua njia yenyewe atusaidie, hatua kwa hatua. Na kazi ya kule ikoje? Wengine wanasema ni kuogesha wazee tu.

Mdau wa Mtama
Hela ya korosho ikiingia benki, ikae hukohuko kwanza.

Nesi hafanyi kazi ya unesi Australia bila usajili wa bodi ya wauguzi na wakunga ya kule. Maombi yote yanapitia taasisi inayoitwa AHPRA, na Mtanzania hasajiliwi bila kufaulu mtihani wa Kiingereza. Hapo tangazo limeshaanguka. Kazi ya msaidizi wa wauguzi haihitaji usajili huo, na ndiyo mawakala wanayoiuza, lakini visa yake ni finyu. Mpango wao wa kuchukua wafanyakazi wa nje, PALM, ni wa visiwa vya Pasifiki na Timor Mashariki, sisi hatumo. Inabaki nyumba ya wazee yenye makubaliano maalumu na serikali yao ikudhamini. Basi mwulizeni wakala jina la mwajiri mdhamini, kwa maandishi. Tena tangu 2015 sheria ya Australia inakataza mtu kudai au kupokea malipo ili mfanyakazi apate udhamini wa visa.

Sasa njia ya kweli. Ingia tovuti ya AHPRA, kuna sehemu ya wauguzi waliosomea nje ambapo unajaza chuo, kozi na mwaka wa kuhitimu, kisha inakuweka kundi A, B au C. A ni wale ambao elimu yao inahesabiwa kuwa sawa na ya kule. B ni wenye elimu inayokaribiana, ambao hupimwa kwa mitihani miwili. C njia inaishia hapo mpaka uongeze elimu. Tatizo la mdogo wako liko hapa: kwa muuguzi kamili wanataka kiwango cha shahada ya kwanza. Kule diploma ni ya ngazi ya chini yake, muuguzi anayefanya kazi chini ya usimamizi wa mwingine, na msidhani diploma yetu inapachikwa hapo moja kwa moja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni digrii ya uuguzi ya kujiendeleza hapahapa nchini. Milioni sita hizo ziende kwenye ada.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: sisi leseni ni ya uuguzi na ukunga pamoja. Australia ni usajili wa aina mbili, na kila mmoja una tathmini yake na mitihani yake. Asiombe yote kwa mkupuo. Aanze na uuguzi, ndiko nafasi ziliko nyingi.

Nahodha wa Mikindani
Mdau kamaliza upande wa digrii. Naongezea mitihani, maana hapo ndipo hela inapotea.

Kiingereza: OET, mtihani wa Kiingereza wa watumishi wa afya, au IELTS ya kitaaluma. Tangu Machi 2025 bodi imelegeza kidogo kwenye kuandika. IELTS ni 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, kuandika 6.5. OET ni B kwenye hizo tatu, kuandika C+. Kwa nesi nashauri OET, kwa sababu barua unayoandika ni ya rufaa ya mgonjwa na mazungumzo ni ya wodini. Una dakika 5 za kusoma faili na 40 za kuandika. Watu wetu huanguka kwenye barua kwa kunakili kila kitu kilichomo kwenye faili. Anayekwenda kufunga kidonda nyumbani kwa mgonjwa hahitaji kujua mtu alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo miaka ishirini iliyopita, na anayesahihisha anataka kuona kama unaweza kuchambua hilo. Matokeo hudumu miaka miwili. Ukiufanya mapema mno utakuta umeisha muda kabla hujafika hatua ya kuomba usajili, kisha unalipa upya.

NCLEX-RN, mtihani wa kwanza kati ya ile miwili ya kundi B: ni ya kompyuta, kiwango cha chini maswali 85, cha juu 150, muda saa tano. Ukijibu vizuri maswali yanazidi kuwa magumu, kwa hiyo usitishike. Ada ni dola 200 za Marekani, na ukiufanyia kituo cha kimataifa unaongeza 150. Ukifeli unasubiri siku 45. Jihadhari na majina ya dawa: mtihani ni wa Kimarekani, paracetamol utaikuta kama acetaminophen na adrenaline kama epinephrine. Ukishavuka, kwenye mtihani wa vitendo unarudi kwenye majina unayoyajua.

Huo wa vitendo, OSCE, unafanyika Australia kwenyewe. Unasafiri mwenyewe kwa visa ya mgeni. Vituo kumi, kila kimoja dakika 2 za kusoma maelekezo na 8 za kutenda. Ada yake pekee ni dola 4,000 za Australia, zaidi ya milioni sita zetu, hapo tiketi na malazi bado. Wanaofeli wengi wanajua kazi, ila hawasemi wanachofanya. Mtahini haingii kichwani mwako. Unatakasa mikono, unasema. Unamtambua mgonjwa kwa vitambulisho vitatu, yaani jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili, ukilinganisha na bangili yake. Unauliza mzio kabla ya dawa yoyote, hata kama umeandikwa kwenye chati. Chati nayo isome mpaka chini, dawa inaweza kuwa imesitishwa jana. Presha ikiwa imeshuka hadi kwenye rangi ya hatari, kuijaza tu na kuendelea ni kosa kubwa: unaita msaada na kueleza kwa mpangilio wa ISBAR, wewe ni nani, hali ikoje sasa, historia, tathmini yako, unaomba nini.

Kaka wa Nyangao
Nahodha, mbona hamtaji njia ya mzunguko? Uingereza haidai digrii. Akipita Uingereza akafanya kazi, Australia inamchukua bila OSCE.

Nahodha wa Mikindani
Kweli kwa sehemu. Tangu Aprili 2025 kuna njia ya haraka kwa wauguzi waliosajiliwa na kufanya kazi saa 1,800 katika nchi zilizotajwa: Uingereza, Ireland, Marekani, Singapore, Hispania, na majimbo ya Ontario na British Columbia ya Kanada. Saa za Saudia au Dubai hazihesabiwi, na hilo mawakala hawalisemi. Ila Tanzania iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza imezuia mawakala kuja kuvuna watu kwenye nchi hizo. Mtu anaweza kuomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri, sawa. Lakini unakuwa na mtihani wao wa kompyuta (CBT), OSCE ya kwao na visa ya kwao, kisha unaanza upya na visa ya Australia. Mwenye digrii tayari sioni faida ya kuzunguka.

Bint Chikongola
Asanteni sana kaka zangu. Baba nimemsomea hilo la sheria ya 2015, kanyamaza. Haya, kazi yenyewe na maslahi?

Mama Sista
Mwanangu, kuogesha wagonjwa kupo, na si wazee tu. Huku kwetu ndugu ndiye anayemlisha na kumgeuza mgonjwa, na nje ya wodi kuna mkeka wake. Kule ndugu hulala kwao. Kuogesha, kulisha, kubadilisha nepi ya mtu mzima, kumgeuza kila baada ya saa kadhaa asipate vidonda vya mgongo, yote ni kazi ya nesi na wasaidizi wake. Muuguzi anayeona kazi hiyo ni ya chini yake hatadumu. Na mgonjwa habebwi kwa mikono, kuna winchi na shuka za kuteleza. Ukibeba ukaumia mgongo, mwajiri atauliza kwa nini hukutumia kifaa.

Idadi ya wagonjwa inategemea jimbo. Queensland wodi za kawaida zinazohusika na sheria yao ni nesi mmoja kwa wagonjwa wanne mchana na mmoja kwa saba usiku. Nyumba za wazee ni habari nyingine. Tangu Julai 2023 lazima awepo muuguzi kamili saa 24, na tangu Oktoba 2024 wastani ni dakika 215 za uangalizi kwa kila mkazi kwa siku, 44 kati yake za muuguzi kamili. Maana yake usiku anaweza kuwa wewe peke yako na wasaidizi, jengo zima. Mzee akianguka saa nane usiku, uamuzi wa kupiga 000, namba yao ya dharura, ni wako. Mgeni asikimbilie huko kwa sababu tu wanaajiri haraka.

Malipo: wiki ni saa 38. Kima cha chini cha kitaifa cha wauguzi kinaongeza asilimia 12.5 kwa zamu ya jioni, 15 kwa usiku. Jumamosi unalipwa mara moja na nusu, Jumapili asilimia 175, sikukuu mara mbili. Hospitali za serikali zina mikataba ya majimbo iliyo juu ya hapo. Kibarua wa zamu anapata nyongeza ya asilimia 25, lakini hana likizo yenye malipo wala ya ugonjwa, na visa ya udhamini inataka ajira ya saa kamili, msidanganywe na kiwango cha kwa saa. Mwajiri anaweka asilimia 12 kwenye pensheni. Mwenye visa ya muda akiondoka moja kwa moja anaidai, ila kodi inakata karibu asilimia 35.

Usajili unahuishwa kila mwaka kabla ya 31 Mei, na ushahidi wa saa 20 za kujiendeleza. Kupanda kupo: cheti cha uzamili cha ICU, dharura, figo au afya ya akili, kisha ukufunzi au usimamizi wa wodi. Ngazi ya muuguzi anayeandika dawa mwenyewe inataka shahada ya uzamili na saa 5,000 za kazi ya ngazi ya juu ndani ya miaka sita.

Bint Chikongola
Sista, shikamoo. Akiwa chuoni aandae nini mapema?

Mama Sista
Marahaba. Majina. Kusini ndilo linalokwamisha wengi: cheti cha kuzaliwa Fatuma, cha kidato cha nne Fatma, leseni ina jina la baba limeandikwa Muhamedi na pasi ina Mohamed. Atengeneze sasa, kwa hati ya kiapo au ya kubadili jina, vyote vifanane na pasipoti. Aombe chuoni transkripti na muhtasari wa kozi unaoonyesha nadharia na mazoezi ya vitendo, kwa karatasi yenye nembo, kabla msajili aliyepo hajahama. Uthibitisho wa Baraza kwamba hana shauri la kinidhamu hutumwa na Baraza lenyewe, asiubebe yeye. Na kwa kuwa ni wa halmashauri, asiondoke kimyakimya. Aombe ruhusa ya masomo kwa barua kupitia kwa mganga mfawidhi, apate jibu la maandishi, kwa sababu utoro kazini ni kosa la kinidhamu na unaweza kuutia doa uthibitisho huohuo.