Baiskeli na afya ya watoto wetu hapa Nairobi

Ndugu zangu,

Dada yetu aliyehamia hapa karibuni kutoka Tanga ameuliza kama inafaa kumnunulia mwanawe wa miaka sita baiskeli, ilhali wanaishi ghorofa ya nne. Kwa maoni yangu inafaa sana, kwani mtoto ambaye nyumbani alikuwa akikimbia uwanjani hadi magharibi, hapa hushinda ndani mbele ya televisheni.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi ya kutoa jasho. Mwenye baiskeli huzitimiza bila kuhimizwa: moyo na mapafu hufanya kazi, mapaja hukaza, na usiku usingizi humchukua mapema. Hata hivyo, kwa kuwa uzito wake umebebwa na kiti, mifupa haipati ule mtikisiko unaoiimarisha, kwa hiyo mpira na kuruka kamba viendelee.

Binti yangu alianza akiwa na umri huohuo. Tulimfungulia pedali zote mbili (ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kinyume, fundi alinionyesha), tukashusha kiti mpaka nyayo zikakanyaga chini, akawa anajisukuma kwa miguu uani, pale magari yanapoegeshwa. Wiki ya pili alikuwa akiinua miguu na kuserereka kutoka getini hadi kwenye tangi la maji, ndipo tukamrudishia pedali. Magurudumu ya pembeni hatukuyatumia, na ninaamini humchelewesha mtoto, kwa sababu hayamfundishi kujisawazisha.

Barabarani mtoto mdogo asipelekwe kabisa. Msitu wa Karura una njia za baiskeli zilizo mbali na magari, na baiskeli za kukodi zipo. Mtoto wa pwani akihema upesi siku za mwanzo, mwacheni apumzike, kwani mji huu uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari.

Kofia ngumu ivaliwe hata uani, ikae vidole viwili juu ya nyusi, na ukanda wa kidevuni upitishe kidole kimoja tu. Ya kwanza niliinunua kubwa ili binti aikulie. Siku alipoanguka ilikuwa imerudi kisogoni, akachubuka paji la uso, nami nikanunua nyingine jioni ileile.

Dada, baiskeli yake ndogo bado ninayo na breki zake ni nzima. Karibu uichukue.