Naomba ushauri: sensa ya sumaku kwa injini ya boti, silikoni au Mn3Sn?

Wakuu, salaam kutoka Kirumba. Naunda kifaa cha kuhesabu mizunguko ya injini za boti za uvuvi. Sensa ya Hall ya silikoni ninayotumia (inageuza nguvu ya sumaku kuwa volti) inafanya kazi, ila injini ikichemka vipimo vinayumba.

Nimesoma kuhusu Mn3Sn, mchanganyiko wa manganizi na bati. Tangu 2015 inajulikana kuwa inatoa volti kubwa ya Hall kwenye joto la kawaida, ingawa usumaku wake ni mdogo mno. Siri iko kwenye mpangilio wa elektroni zake. Inavumilia hadi nyuzi 147 hivi. Co3Sn2S2, nyingine yenye kobalti, bati na salfa, nimeiacha, usumaku wake hupotea joto likivuka nyuzi 96 chini ya sifuri (labda kwa wavuvi wa mwezini).

Kuna aliyewahi kupata utando mwembamba wa Mn3Sn? Au nibaki na silikoni, joto nilirekebishe kwenye programu?