Gumzo la Majirani: Gati la Zamani Kuwa Bustani

*Mama Salma:* Jamani, mchoro wa bustani ya gatini huo hapo juu. Maoni mwisho Ijumaa. Naona bembea, jukwaa, vyoo, kilima cha watoto. Miti naona michache.

*Fundi Rajabu:* Shikamoo Mama Salma. Mbona hausemi lolote kuhusu ukuta wa gati? Hapo ndipo pesa itakapokwenda, bembea ni chenji tu.

*Mama Salma:* Marahaba mwanangu. Ukuta si upo?

*Fundi Rajabu:* Juu upo. Mabamba ya chuma ya ukuta huo huliwa zaidi pale mawimbi yanaporuka, na tena chini kidogo ya maji kupwa, ambako bakteria huharakisha kutu. Ukisimama juu huoni kitu. Ashuke mzamiaji na kipimo cha unene, bamba kwa bamba.

*Tunu:* Wakague na nyuma yake. Tundu likishatokea, kila maji yakipwa yanatoka na mchanga. Juu lami imetulia, chini pango. Kumwaga zege juu hakusaidii. Linazibwa tundu, halafu nyuma ya ukuta inawekwa kokoto na kitambaa cha kuchujia, maji yatoke mchanga ubaki.

*Babu Hamisi:* Hicho kilima kiko umbali gani na ukuta?

*Tunu:* Mita 4, babu. Kimo mita 2.

*Fundi Rajabu:* Hapana kabisa 😳 Udongo uliolowa ni karibu tani 2 kwa mita ya ujazo. Kilima hicho kinaweka tani 4 kwenye kila mita ya mraba, na mzigo huo unausukuma ukuta majini. Kisogezwe nyuma umbali unaozidi kimo cha ukuta, kimo ukikipima kuanzia sakafu ya bahari, kisha mhandisi apige hesabu. Au wajaze mabloku ya povu, kilo 20 hivi kwa mita ya ujazo.

*Tunu:* Povu huelea. Mafuriko yakija na udongo wa juu ni mwembamba, kilima kinanyanyuka chote. Petroli nayo huliyeyusha, na pale palikuwa na matangi.

*Mama Salma:* Eh! Watoto wachezee kwenye mafuta?

*Tunu:* Ndiyo maana udongo unapimwa kwanza. Sampuli kila mita 20 hivi, karibu zaidi palipokuwa na matangi na karakana: mafuta, madini ya risasi, sumu ya aseniki. Palipochafuka sana panachimbwa na kuondolewa. Palipochafuka kidogo panatandikwa kitambaa cha rangi kali, ili mchimbaji wa kesho ajue asipite, halafu udongo safi: sentimita 60 kwa nyasi, mita 1 au zaidi kwa miti. Wakandarasi hupenda kupunja hapa, na miti inadumaa. Lakini mita moja ya udongo ni tani 2 nyingine kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo Rajabu na ukuta wake hawakwepeki.

*Babu Hamisi:* Na mvua?

*Fundi Rajabu:* Mdomo wa bomba la maji ya mvua uko chini ya maji kujaa. Kile kifuniko chake cha chuma, chaza wakikigandia, hakifungi, bahari inapanda mpaka kwenye chemba. Mdomo wa mpira unaojifunga ni bora. Hata hivyo mvua ikikuta maji yamejaa haina pa kutokea. Hekta 1 ikipata milimita 50 ni mita za ujazo 500. Nusu ikizama ardhini, 250 zinangoja maji yapwe. Uwanja wa mpira wa mita za mraba 1,000 ukishushwa sentimita 30 unabeba 300.

*Mama Salma:* Kwa hiyo uwanja ndio tangi. Vyoo je?

*Tunu:* Visiwe kwenye bonde hilo, basi. Jukwaa ndilo linanitia wasiwasi, limechorwa juu ya nguzo za mbao za zamani. Bustani ya Brooklyn Bridge Park, New York, waliingia gharama kubwa kwa nguzo kama hizo. Viumbe wa baharini wanaotoboa mbao hustawi maji yakisafishwa 😅

*Fundi Rajabu:* Reli ya kuzuia watu wasianguke: kimo mita 1.1, mwanya chini ya sentimita 10. Chuma kisichoshika kutu kiwe cha daraja 316; cha 304 kitapata madoa upesi. Na ngazi za kumtoa aliyeanguka majini sizioni popote.

*Babu Hamisi:* Ombeni mchoro wa mkato, huu wa kutoka juu hautoshi. Uonyeshe sakafu ya bahari, maji kupwa na kujaa ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), na kimo cha bustani.

*Fundi Rajabu:* Naandika barua usiku huu. Mama Salma utaipitia kesho.